Kahawa Inapochanua Mathari

Katika jimbo la Provence, nchi ya Ufaransa, iko nyumba ya watawa iitwayo Sénanque, iliyoanzishwa mwaka 1148. Kila Juni na Julai shamba la lavenda lililo mbele yake hugeuka rangi ya zambarau, na watu husafiri kutoka mbali kuja kulitazama. Sisi tukaao Sagana tunayo safari ya namna hiyo karibu nasi, ila wengi hupita pale tukiwahi mahakama au hospitali, tusigeuze hata shingo.

Nalipanda gari Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, siku kama tisa baada ya mvua ya kwanza. Hesabu hiyo ina maana yake. Wakati wa kiangazi vitumba vya mbuni hulala. Mvua ikinyesha huamka vyote pamoja, na baada ya juma moja na siku chache huchanua. Maua ni meupe, hunukia kama asumini, wala hayadumu zaidi ya siku mbili tatu. Anayechelewa huyakuta yamekauka.

Tulipita Karatina, na huko Marua tukakunja kushoto kwenda Nyeri. Wageni wengi mjini humo hutafuta kaburi la Baden-Powell, kisha hurudi. Heri wangeendelea kidogo hadi Mathari.

Wamisionari wa Consolata walitoka Turin, Italia. Wanne wa kwanza walifika Tuthu, kwa Chifu Karuri, mwezi wa Juni 1902, na mwaka uliofuata wakaingia Nyeri. Hawakuwa watawa wa kujifungia ndani ya kuta kama wale wa Sénanque. Walipasua mbao, wakajenga kwa mawe, wakapanda kahawa, na kuanzia mwaka 1916 wakapiga chapa gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu. Sista Irene Stefani, ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Alitangazwa Mwenye Heri hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Hapo Mathari pia liko kanisa la ukumbusho wa askari wa Italia, alimolazwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita. Ndani ni kimya sana, na harufu ya kahawa huingia mlangoni.

Nje nalimkuta mzee mmoja ameegemea fimbo. Nalimsifia uzuri wa maua.

“Ni mazuri, mwanangu,” akasema. “Nikiwa mtoto nalichuma kahawa ya Wazungu, na nyumbani kwetu hapakuwa na mbuni hata mmoja.”

Alisema kweli. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda zao hili. Katika miaka ya 1930 iliwaruhusu wachache wa Meru, Embu na Kisii, na kwa masharti. Nyeri ilingoja hadi miaka ya 1950. Watu waliopalilia, kupogoa na kuchuma kwa miaka mingi waliijua kazi yote ya kahawa isipokuwa kuipokea bei yake.

Babake mzee huyo alipata miche yake ya kwanza mwaka 1957. Aliizungushia ua wa miiba ili mbuzi wasiifikie, na usiku alitoka na taa kuitazama.

“Tulidhani amerukwa na akili,” mzee akasema, akacheka. Mibuni michache ya ile ingali inazaa.