Jumamosi za Bamvua



Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulipangiwa kazi za kitume Msimbati, kijiji cha pwani kusini mashariki mwa mji wa Mtwara, upande ambako Mto Ruvuma huingia baharini. Huko Wakristo ni wachache kati ya majirani Waislamu. Jumuiya tuliyokabidhiwa ilisali kila Jumamosi saa tatu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu.

Jumamosi ya kwanza tulikuta watu 19, hata mkeka ukaazimwa kwa jirani. Ya pili tulikuta watano. Ya tatu watu wakajaa tena, ya nne wakawa sita. Usiku tulizungumza wenyewe kwamba waumini hawa hawana msimamo.

Jumamosi ya tano, baada ya sala, mama mmoja aliomba barua ya jumuiya ili mwanawe abatizwe. Mwenyekiti akatukabidhi daftari la mahudhurio. Kati ya Jumamosi kumi zilizopita, mama yule alikuwa amefika tano.

"Mafrateri, ninyi ndio wasomi. Semeni," mwenyekiti akatuambia.

Tukasema asubiri, kwanza azoee kuhudhuria. Mama akaitikia, "Sawa," akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Bibi mwenye nyumba alikuwa anakunja mkeka. "Wajukuu zangu," alisema, "mmehesabu siku, mwezi hamkuutazama."

Akatueleza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Bahari hupwa sana, na kupwa kwenyewe hufika mwisho karibu saa nne asubuhi. Hapo ndipo miamba huonekana, na akina mama hushuka kuchokoa pweza. Wiki inayofuata maji ni mafu, miamba haitoki vizuri, na watu wana nafasi. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo Jumamosi moja sala yetu iligongana na bahari, na iliyofuata haikugongana.

Tulilifungua daftari tena. Jumamosi tano za mama yule zilikuwa zote za maji mafu. Hakukosa hata moja aliyoweza kufika. Hakujitetea, kwa sababu hakufikiri kuna mtu Msimbati asiyelijua jambo hilo.

Tuliona aibu. Darasani tumesoma jinsi Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anavyohangaika na swali la wakati ni nini, na mtihani tulifaulu. Lakini hatukuwahi kuuliza saa tatu ile ilikuwa saa ya nani. Tulisahau pia kwamba Kanisa lenyewe hupanga Pasaka kwa kufuata mwezi mpevu. Na Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Kwa watu hawa, pale ni pamoja na mwambani.

Jioni ile tulikwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Alitukaribisha chai, wala hakulirudia jambo lile. Kazi ilikuwa kwa mwenyekiti. "Ratiba ikifuata maji, nani ataikumbuka?" aliuliza. Wakacheka, maana wote waliikumbuka isipokuwa yeye, mwalimu na sisi. Mwalimu alilalamika kwamba jioni ndipo anaposahihisha madaftari ya wanafunzi, halafu akakubali. Wakaafikiana kwamba Jumamosi za bamvua watasali saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa.

Jumamosi iliyofuata walifika watu 17. Mama yule alikuja na mtoto, kanga yake ikiwa bado na chumvi ya bahari, na barua ikasainiwa mbele ya wote. Likizo yetu iliisha kabla ya siku ya ubatizo.

Ndugu msomaji, huenda katika jumuiya yako kikwazo si maji bali ni zamu ya hospitali, gulio au msimu wa korosho. Kabla ya kuandika "hayupo" mbele ya jina la mtu, tumwulize kwanza alikuwa wapi. Nasi tunaojiandaa kwa upadre tumwombe Mungu atujalie kuuliza hivyo kabla ya kuhukumu.