Pampu ya Mti na Mistari Yenye Sifuri

Kijana alikuwa amekaa mgahawani, njia panda ya Tinde mkoani Shinyanga, kompyuta mpakato mbele yake, akisubiri basi la Dar es Salaam. Anasomea sayansi ya kompyuta, na usiku hutengeneza miradi yake ya pembeni ili siku ya usaili awe na cha kuonyesha. Mradi wa safari hiyo ulikuwa wa kubashiri pampu ipi ya maji itaharibika. Alieleza kwa furaha jinsi programu yake inavyopatia. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alipomuuliza data hizo ni za wapi, alijibu bila kusita: "Za Marekani, mzee. Nimezishusha mtandaoni."

Zilikuwa za nyumbani kwao. Faili lile lina mistari 59,400, kila mstari kituo kimoja cha maji nchini Tanzania, na karibu 5,000 kati ya hiyo ni ya Mkoa wa Shinyanga. Mashindano yanaitwa Pump it Up. Waandaaji ni DrivenData wa Marekani, lakini takwimu zenyewe ni za Wizara ya Maji ya Tanzania, zilizopitia mfumo uitwao Taarifa. Kijana aliyekua akinywa maji ya visima hivyo alikuwa akivisoma kama namba za watu wa mbali. Hakuna aliyewahi kumwambia, na hilo ndilo linaloudhi.

Basi na aambiwe.

Kati ya 1974 na 1978 Shinyanga ilikuwa na mradi wa visima vifupi uliofadhiliwa na Uholanzi. Katika mradi huo ilizaliwa pampu ambayo vitabu vya wahandisi vinaiita pampu ya Shinyanga: kichwa cha mti na mpini mrefu wa mti. Watoto waliokuwa wafupi mno kuufikia mpini waliurukia na kuning'inia, na maji yakatoka. Baadaye Waholanzi walihamia Morogoro, na miti ikaachia nafasi chuma. Majina ya pampu za chuma yamo kwenye faili la kijana yule: SWN 80, Nira/Tanira, India Mark II, Afridev. Pampu ya Shinyanga imeachiwa mistari miwili tu, chini ya "other - mkulima/shinyanga". Mwaka gani hasa ya mwisho iling'olewa, kila mzee anataja wake, na si lazima wakubaliane.

Pampu huharibika, na inapoharibika mtu hutafuta duka. Tinde palikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vifaa, upande wa barabara yanakosimama malori ya Rwanda na Burundi. Ukiingia ulipokelewa na harufu tatu kwa pamoja: mafuta ya taa, grisi, na ngozi mbichi iliyokatwa washa za pampu. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la michembe, na mteja aliyekuja kwa miguu kutoka mbali hakuondoka bila kutafuna. Mzee hakuanza na bei. Alianza na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka", akasikiliza habari za nyumbani, kisha akafungua daftari lake la jalada gumu na kuuliza: kisima kipi? Kimesimama lini? Nani alikitengeneza mara ya mwisho? Aliandika kwa penseli, kwa sababu alijua habari ya kisima hubadilika na lazima ifutike.

Na hakuishia kuandika. Vijiji viwili vikilalamika kwamba washa zinaisha haraka, alibadilisha ngozi. Fundi akirudi kusema tatizo halikuwa washa bali fimbo, alifuta na kuandika upya mbele yake. Daftari lile halikuwahi kukamilika, na ndiyo maana lilikuwa sahihi. Mzee alipofariki, warithi walifungua duka la vocha na vifaa vya simu. Daftari halikujulikana lilikokwenda. Nani angedhani kwamba siku moja wizara nzima ingehitaji kile alichokuwa akikiandika?

Namna yake ya kufanya kazi ilikuja kupata jina mbali na Tinde. Februari 2001, watu 17 waandika programu walikutana Snowbird, milimani Utah, Marekani. Walikuwemo Kent Beck, Martin Fowler na Ward Cunningham. Walikuwa wamechoka na miradi mirefu inayozaa makabrasha mengi na programu isiyotumika. Wakakubaliana kuweka mbele watu na mazungumzo yao, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mtumiaji, na utayari wa kubadilika. Njia hiyo ikaitwa ajaili (agile): fanya kidogo, mwonyeshe mtumiaji, sikiliza, rekebisha. Mzee wa Tinde alikuwa akiishi hivyo bila kuipa jina.

Afrika Mashariki mfano mkubwa ulikuja Januari 2008, Kenya ikiwaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Ory Okolloh alitoa wazo, na pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia ikapatikana Ushahidi: ramani inayopokea habari za matukio kutoka kwa wananchi, nyingine kwa ujumbe mfupi wa simu. Haikuwa na zabuni. Ilijengwa kwa siku chache tu, ikatumika ikiwa bado na kasoro, na kasoro zikaondolewa watu wakiwa wanaitumia. Msimbo wake ukatolewa bure kwa yeyote anayeutaka. Nyaya za baharini zilipofika pwani yetu kuanzia 2009, intaneti ikashuka bei. Nairobi ikapata kitovu cha teknolojia, iHub, mwaka 2010, na Dar es Salaam vijana wakaanza kukutana kwenye kitovu cha Buni, ndani ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Kijitonyama. Mchana walikuwa waajiriwa wa benki na kampuni za simu. Jioni na Jumamosi walijenga walichokipenda.

Oktoba 2011, katika hakathoni ya maji iliyofanyika London, baadhi ya waandika programu walichukua msimbo wa Ushahidi wakaugeuza uripoti mabomba mabovu. Huo ndio mwanzo wa Taarifa. Mrithi wa chombo kilichozaliwa na uchungu wa Nairobi akaja kupokea takwimu za visima vya Shinyanga. Miaka hiyohiyo wizara ilikuwa imetuma watu vijijini na vifaa vya GPS kurekodi vituo vya maji nchi nzima.

Si kila jaribio lilifaulu, na moja lililoshindwa lilifundisha kuliko mengi yaliyofaulu. Shirika la Daraja, lililokuwa Njombe, lilianzisha Maji Matone: mwananchi atume ujumbe bomba likiharibika, redio itangaze, serikali itengeneze. Walilenga jumbe 3,000. Zikaja 53. Daraja hawakuficha. Walitangaza wazi kwamba mpango umeshindwa na kueleza sababu: wanaochota maji ni wanawake na watoto, mara nyingi simu si yao, mtandao vijijini ulikuwa dhaifu, na watu hawakuamini kwamba kuna atakayejibu. Kisha wakausimamisha. Ujasiri huo ndio moyo wa ajaili, nao haufundishwi kwa vibandiko vya rangi ukutani.

Tangu hapo miaka imekimbia. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Shinyanga na Kahama 2009 yameendelea kusogea, ukaja mradi wa Tinde na Shelui. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaanza 2019. Ajaili nayo imekuwa cheti cha kozi ya siku mbili. Kuna timu zinazosimama kila asubuhi kuelezana zilichofanya jana, zikamaliza mwaka bila kukaa na mtumiaji hata mmoja. Hilo linasikitisha, kwa sababu nidhamu ile ilitungwa kwa ajili ya huyo mtumiaji.

Faili la visima linaonyesha hasara yenyewe. Mistari 1,812 ina longitudo sifuri, na latitudo yake ni kama sifuri pia. Kwenye ramani visima hivyo vinaangukia Ghuba ya Guinea, baharini kusini mwa Ghana. Ni visima vya Mwanza na Shinyanga kwa mipaka ya zamani, Geita ikiwa bado wilaya ya Mwanza. Safu ya mwaka wa ujenzi ina sifuri katika mistari 20,709, na sehemu kubwa ya Shinyanga imo humo. Kazi ya 1974 imeandikwa kana kwamba haikuwa na mwaka. Duniani kote wanaojifunza hujaza sifuri hizo kwa wastani wa wilaya, hupata alama, husonga mbele. Kwa aliye Ulaya hakuna njia nyingine. Kwa aliye Tinde ipo bodaboda.

Sifuri hizo bado zinazibika. Majina ya kata na vitongoji yamo ndani ya faili, vyombo vya watumia maji vina viongozi wenye simu, na RUWASA ina watu wilayani. Vijana walioshika mpini wa pampu ya mti 1974 sasa wamepita miaka 70, na bado wanakumbuka kisima kipi kilitangulia kipi. Waandika programu wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaweza kuanza na kata moja: kwenda na simu yenye GPS, kuwauliza wazee, kuandika, kisha kurudi Jumamosi ya pili kuwaonyesha wanakijiji kilichoandikwa ili wakikosoe. Wiki mbili kwa kata, halafu kata inayofuata.