Mkaa wa jikoni kwetu

Sisi mafrateri wa falsafa tulishangilia Serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Jiko letu lilikuwemo. Tulikuwa tumesoma Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, na hoja tulikuwa nazo tele: nchi yetu hii kame ikiachwa wazi, mvua husomba udongo hadi mitoni, na mito ndiyo inayojaza bwawa la Mtera linalozalisha umeme. Wapishi wao walinung'unika tu kwamba maharage yatamaliza gesi.

Jumapili moja, baada ya ibada kigangoni Chamwino, tulikaribishwa kwa mzee aliyekuwa akituuzia mkaa. Akatupeleka kwenye tanuri lake, bado linafuka moshi.

"Mafrateri, mvua ikikata na uwele ukikauka, sare na madaftari ya watoto vinatoka humu. Mkishapata gesi, kwangu mtanunua nini?"

Darasani tungemjibu haraka. Pale tulitazama chini. Shabaha ya Taifa ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034, nasi bado tunaiunga mkono, lakini mzee yule hatukuwahi kumweka kwenye hoja zetu.

Tuliporudi tukamwomba padre mtunza fedha anunue asali kwake, maana nyuki wanataka miti iliyosimama.

"Ana mizinga mingapi?" akauliza.

Hatukuwa tumemwuliza.