Nusu Iliyo Nzima



Tunaandika haya tukiwa wawili mezani, mume na mke. Baba Neema anasema polepole, Mama Neema anaandika, na pale tusipokubaliana tunafuta na kuanza upya. Tulifunga ndoa mwaka 1975, na tangu mwaka 1984 tunaishi Leeds, huku Uingereza. Tumeona ni vyema tuwasimulie jinsi kompyuta moja kuukuu ilivyotufundisha jambo ambalo tulipaswa kulijua siku nyingi.

Mwezi wa Machi 2021 Baba Neema alipatwa na kiharusi. Mungu alimwachia uhai, lakini mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakawa mazito. Neno analijua, analiona kabisa kichwani, ila halitoki. Kwa mtu aliyekuwa fundi wa redio na televisheni maisha yake yote, aliyezoea kusema kidogo na kufanya mengi kwa mkono, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo.

Nyumbani tulifanya lile ambalo mama yeyote angefanya. Alinyolewa, alifungwa vifungo vya shati, alikatiwa nyama kwenye sahani. Simu ikilia, ilipokelewa kwa niaba yake. Bili zikija, zililipwa bila yeye kuziona. Hata kanisani alipoulizwa hali, Mama Neema ndiye aliyejibu. Tulidhani huo ndio upendo. Naye akazidi kunyamaza. Aligeuza kiti chake kikatazama dirishani, na usiku mmoja akasema maneno mawili tu: "Mimi mzigo." Tulilia, tukaomba, tukalala. Asubuhi yake vifungo vilifungwa vile vile.

Mwezi wa Novemba 2022 baridi ilianza, na Mama Neema aliingia katika stoo iliyo chini ya ngazi kutafuta hita. Nyuma ya masanduku alikuta boksi la karatasi lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira, ile tuliyomnunulia Neema mwaka 1986 ikiwa imekwisha kutumika, alipokuwa na umri wa miaka 10.

Kwa wale wasioijua, hiyo ni ZX Spectrum. Kampuni ya Sir Clive Sinclair iliitoa hapa Uingereza mwezi wa Aprili 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 kwa pauni 175, na kwa bei hiyo familia nyingi za kawaida ziliweza kuwa na kompyuta kwa mara ya kwanza. Haikuwa na kioo chake. Uliiunganisha na televisheni ya nyumbani, na programu zilisomwa kutoka kwenye kaseti, kama nyimbo. Ziliunganishwa katika kiwanda cha Timex mjini Dundee, Scotland, na wafanyakazi wengi wa kiwanda kile walikuwa akina mama. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993.

Mama Neema aliiweka mezani, akachukua waya wa umeme, akaelekea ukutani. Hapo ndipo sauti ilipotoka dirishani, kubwa, ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi mingi.

"Usiwashe!"

Alisogeza kiti chake mwenyewe hadi mezani. Kwa mkono wa kushoto, na kwa maneno yaliyokatika katika, alieleza kwamba kifaa kilicholala miaka mingi hakiwashwi ovyo. Ndani mna kapasita, vikopo vidogo vinavyotunza umeme, na baadhi ya hivyo hukauka kwa uzee. Tena lazima kwanza kupima adapta. Spectrum hula umeme wa volti 9, na ncha ya katikati ya plagi yake ni hasi, kinyume cha vifaa vingi vya leo. Ukichomeka adapta nyingine kwa sababu tu plagi imeingia, unaweza kuiua papo hapo.

Basi kazi ikaanza. Mwenye ujuzi hakuwa na mkono, na mwenye mkono hakuwa na ujuzi. Ila Mama Neema ameshona nguo kwa cherehani miaka arobaini, na vidole vyake vinajua kutulia juu ya kitu kidogo. Tulifungua skrubu tano za chini. Tuliinua kibodi taratibu, maana imeunganishwa na ubao kwa tepu mbili nyembamba ambazo kwa uzee huwa kavu kama jani la mgomba. Zetu zilipasuka hata hivyo. Baba Neema alitikisa kichwa, akasema si kitu, kwa kuwa tepu mpya pamoja na utando wake bado zinatengenezwa na kuuzwa hata leo. Tuliagiza.

Kulehemu tulijifunzia kwenye redio mbovu. Unapasha moto mguu wa kifaa na ubao kwa pamoja, ndipo unagusisha risasi, nayo inatiririka yenyewe. Dirisha linakuwa wazi, kwani moshi wake si wa kuvuta. Jambo moja Baba Neema alilikataza kabisa: kufungua televisheni yetu ya zamani ya kioo kizito. Ndani yake umeme mkali sana huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani, na umewahi kuua mafundi.

Jioni ya tatu tuligombana. Kapasita ina upande wa chanya na upande wa hasi, na alama imechorwa ubavuni. Mama Neema aliiweka moja kinyume. Kama tungewasha, ingeweza kupasuka. Baba Neema aliona, akapiga meza kwa mkono wa kushoto.

"Macho! Huna macho?"

Mama Neema aliweka chini chuma cha kulehemu. "Zaidi ya mwaka nakufunga vifungo, nakuosha, nakulisha. Leo unaniuliza kama nina macho?" Akapanda juu, akafunga mlango.

Siku tatu hatukusemezana ila kwa mambo ya chakula na dawa. Siku ya nne Baba Neema alisimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika ukuta. Ilimchukua muda mrefu kuyapanga maneno.

"Mama Neema. Samahani. Sikukasirikia wewe. Nimekasirikia mkono. Nataka kufanya mwenyewe. Kitu. Chochote."

Chungu kilikuwa motoni, na kilichemka mpaka kikamwagika. Sisi wawili tulisimama pale, na hapo ndipo tulipoona wazi kilichokuwa kikitendeka katika nyumba yetu. Tulikuwa tumempa mgonjwa matunzo yote na kumnyang'anya kazi zote. Siku ile alipopiga meza alikosea, naye amekiri. Lakini alikuwa amegomba kama fundi, na kabla ya hapo kwa miezi mingi hakuwa fundi wala baba wa nyumba. Alikuwa mtu wa kufungwa vifungo.

Tukaweka taratibu. Kabla ya kuanza, tunaomba. Yeye anasema kwanza, ndipo mkono unagusa. Mwenye kuchoka anasema amechoka. Na shati, tangu siku ile, anavaa mwenyewe, hata kama tutachelewa ibada.

Kapasita zilipokwisha kubadilishwa na kibodi kurudishwa, tuliunganisha televisheni na kuitafuta ile chaneli ya 36 ambayo Spectrum hutumia. Theluji ilipita kwenye kioo, kisha ukatokea uwanja mweupe na mstari mmoja mweusi chini, wenye jina la kampuni na mwaka 1982. Mama Neema alipiga kigelegele. Baba Neema alisema, "Bado. Ihesabu."

Spectrum, kila inapowashwa, hupima kumbukumbu yake yenyewe na kuweka akilini mwake ile namba ya mwisho iliyo nzima. Ukijua pa kuuliza, inakuambia. Yenye kilobaiti 48 kamili hujibu 65535. Yetu ilijibu 32767. Maana yake iliona kilobaiti 16 tu. Sehemu ya juu ilikuwa na ugonjwa, nayo ikaamua kufanya kazi na kile kilichobaki.

Tuliuliza tatizo liko wapi, na jinsi ya kulitafuta ni hesabu ya mtoto wa shule. Sehemu ya juu ina chipu nane, na kila chipu hubeba sehemu moja ya nane ya kila namba. Tuliiambia mashine itunze 255, kisha itusomee. Ikasoma 223. Imepungua 32, na 32 ni mzigo wa chipu moja peke yake katika zile nane. Basi wagonjwa hawakuwa wanane, alikuwa mmoja.

Jioni hiyo Baba Neema alitusimulia habari ambayo Mama Neema hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya kuolewa na fundi. Chipu zile nane za juu zilitengenezwa kubeba kilobiti 64 kila moja. Zilipopimwa kiwandani, nusu moja ilionekana ina kasoro na nusu nyingine ni nzima. Hazikutupwa. Ziliuzwa kwa bei nafuu kama chipu za 32, na Sinclair akazitumia. Ubaoni kuna kiungo kidogo cha waya kinachoiambia mashine itumie nusu ipi, na chipu zote nane sharti ziwe na nusu ile ile iliyo nzima. Watoto walicheza na kusoma kwa mashine hizo miaka na miaka, na wengi wao hawakujua kwamba ndani mna vitu nusu nusu.

Alimaliza, akautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, akacheka. "Kama mimi," alisema. "Nusu nzima. Tafuteni waya."

Chipu ile mgonjwa ilikuwa na miguu kumi na sita. Tuliikata miguu kwanza, kisha tukautoa mmoja mmoja, ili tusiung'oe ubao ulioshikamana nayo. Tukaweka soketi, na ndani ya soketi chipu nyingine. Kazi hiyo ilichukua majioni mawili. Tulipowasha na kuuliza, ilijibu 65535. Hatukusema kitu. Mama Neema alikwenda kuweka chai.

Katika boksi mlikuwa na kaseti moja yenye mwandiko wa Baba Neema: programu aliyoitunga kumfundishia Neema jedwali la kuzidisha. Mkanda wa mpira wa kinasa sauti chetu ulikuwa umegeuka gundi, tukabadilisha. Mistari ya rangi ilipita kwenye kioo, lakini programu haikusomeka, mara ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Tulihuzunika. Baba Neema akavuta kibodi karibu.

Hapa kuna jambo la ajabu. Katika Spectrum, amri haziandikwi herufi kwa herufi. Kitufe kimoja hutoa neno zima. Ukibonyeza P linatoka neno la kuandika kwenye kioo, ukibonyeza G linatoka neno la kwenda mstari mwingine. Mtu ambaye maneno yalimkatalia kinywani alikaa pale, kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na kwa kila mbonyezo likatoka neno kamili. Palipohitaji vitufe viwili kwa pamoja, Mama Neema alishika kimoja. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kufikia Krismasi mashine ilikuwa inauliza saba mara nane, na mjukuu wetu alikuwa anajibu.

Akina mama wenzetu, hatusemi kwamba kompyuta iliponya kiharusi. Mkono wa kulia haujarudi, na mazoezi ya hospitali tunaendelea nayo. Siku nyingine maneno yanagoma, na siku nyingine uvumilivu unatuishia sote wawili. Lakini kiti hakitazami tena dirishani. Bili za umeme anazilipa yeye. Viazi anamenya yeye, kwenye ubao wenye misumari miwili inayoshika kiazi, na mchuzi ukichelewa tunaungoja. Kanisani akiulizwa hali, sisi tunanyamaza mpaka ajibu.

Kama nyumbani mwako yumo mume mgonjwa, au mama mkwe aliyezeeka, au mtoto mwenye kilema, tunajua mzigo ulioubeba, na hatuji kukuongezea mwingine. Tunakuomba tu ukae siku moja uulize: ni kitu gani bado anakiweza, nami nimekichukua kwa sababu mimi nakifanya haraka zaidi? Mtume Paulo anapowaeleza Wakorintho juu ya viungo vya mwili kuhitajiana, hatukumbuki kwamba aliwatoa wale walio dhaifu.

Mrudishie hicho kimoja. Kitafanyika polepole, na pengine kitafanyika vibaya. Sisi tulichelewa mwaka mzima na zaidi kukirudisha, na hilo ndilo tunalolijutia.