Mtoto na Jina Tumpalo

Aghalabu litajwapo neno utamaduni, fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi na mavazi. Ni mara chache tukumbukapo kuwa namna ya kumpokea mtoto mchanga nayo ni sehemu ya utamaduni, na kwamba majina tuwapayo watu yaweza kuwainua au kuwavunja. Twataka kulieleza jambo hili kwa kuwatazama watoto wanaozaliwa na mpasuko wa mdomo wa juu, ambao tangu zamani umeitwa mdomo wa sungura.

Katika hadithi za bibi zetu Sungura ni mjanja. Humshinda Simba kwa akili, humchezea Fisi, na watoto humshangilia. Lakini tulipokuwa darasa la kwanza aliingia shuleni kwetu mtoto mwenye mpasuko huo, akaitwa Sungura siku ile ile, wala hapakuwa na shangwe katika jina hilo. Maneno yake yalitokea puani, na kila aliposimama kusoma darasa zima lilicheka. Nasi tulicheka. Kabla ya mwaka kwisha aliacha shule, akawa mchunga mbuzi wa baba yake. Hatukumbuki mtu yeyote aliyeuliza alikokwenda. Jina lake halisi tulikuja kulijua tukiwa watu wazima.

Miaka mingi baadaye mpasuko huo uliingia nyumbani mwetu. Binti wa dada yetu alijifungua mtoto wa kike ambaye mpasuko wake ulitoka mdomoni ukafika mpaka kaakaani. Kila alipojaribu kunyonya, maziwa machache aliyoyapata yalimtokea puani. Wako waliosema ni mkosi. Wako waliosema mama yake alimcheka mwenye kilema alipokuwa na mimba. Mzee mmoja alishauri mtoto asitolewe nje hata arobaini ikitimia. Hakuna aliyetamka kwamba mtoto aachwe afe. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya, naye akafichwa ndani, amebakiwa na nini?

Muuguzi wa zahanati alipofika alimtazama, akasema, "Huyu hana mkosi; ana njaa." Akaeleza kuwa mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hana nguvu ya kufyonza, kwa hiyo maziwa ya mama hukamuliwa, naye akanyweshwa polepole kwa kikombe na kijiko kidogo hali amekalishwa wima, kisha hupigwapigwa mgongoni acheue. Akaeleza pia kuwa mdomo wa mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Pande hizo zisipokutana, mpasuko hubaki. Wakati huo wanawake wengi hawajatambua hata kuwa wana mimba. Vipi basi kicheko cha mwezi wa sita kiupasue mdomo uliokwisha kuumbika? Urithi huchangia, na tumbaku na baadhi ya dawa huongeza hatari, lakini mara nyingi sababu moja dhahiri haionekani. Hukadiriwa kuwa duniani mtoto 1 katika kila 700 hivi huzaliwa na mpasuko wa aina hii.

Siku ya arobaini dada yetu alimbeba mjukuu wake, akamtoa uani mbele ya majirani, akamtaja kwa jina lake kamili. Kwetu sisi hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya kwanza.

Tiba ya pili ni ya hospitali, na elimu yake si ngeni Afrika Mashariki. Madaktari watatu walioanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa mabingwa wa kurekebisha maumbile kwa upasuaji. Siku hizi upasuaji wa mpasuko hufanywa katika hospitali zetu kubwa, kama Muhimbili na Bugando. Aghalabu mdomo hushonwa mtoto atimizapo miezi 3 au zaidi, mradi uzito wake unatosha. Kaakaa hufuata kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto ajifunze kusema akiwa na kinywa kilichofungika. Hata hivyo kisu hakimalizi kazi. Husalia masikio yanayojaa maji na kupunguza usikivu, meno yaliyopinda, na mazoezi ya kutamka.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Mjukuu wetu sasa yuko darasa la nne. Mwalimu wake humkalisha mbele apate kusikia, humngoja amalize sentensi yake, na hakubali darasa limwite kwa jina jingine ila lake. Hayo hayagharimu hata senti moja.

Yule mwenzetu tulikutana naye sokoni, mvi zimemjaa. Tulimwamkia kwa jina lake. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza ni nani aliyetuambia jina hilo. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Hatuna budi kuufundisha usemi huu darasani kabla ya kicheko cha kwanza, maana aliyekwisha kuacha shule hatausikia.