Daftari la Wasichana Wetu

Mimi ni mlezi wa bweni katika shule moja ya sekondari ya wasichana. Shule yetu iko bara ya Kilifi, nchini Kenya, mbali na bahari. Huku mvua ni chache na njia ni za vumbi. Kazi yangu ni kuwatunza wasichana wanapolala, wanapougua na wanapolia. Wao huniita mama.

Ndugu msomaji, nataka kuwashukuru watu waliotusaidia katika mwaka wa 2020. Wengi wao hawakuwa na mali. Lakini kila mmoja alitoa kitu, na aliyetoa ana haki ya kujua kitu chake kilifanya kazi gani.

Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote zitafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule za bweni zilipewa mpaka Jumatano kuwarudisha watoto makwao. Wasichana walifunga masanduku yao wakicheka. Walidhani ni likizo fupi. Mimi pia nilidhani hivyo. Kabla hawajaondoka nilichukua daftari, nikaandika jina la kila msichana na mahali anapotoka. Niliandika haraka haraka, maana gari lilikuwa likingoja.

Likizo ile haikuwa fupi. Wasichana wa kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wote walikaa nyumbani zaidi ya miezi 9.

Mwezi wa Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Kilifi, Mombasa na Kwale. Wageni hawakuja tena. Hoteli za Malindi na Watamu zikafunga milango. Wazazi wengi wa wasichana wetu walifanya kazi huko. Walikuwa wapishi, wafagiaji na watunza bustani. Wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Masomo yalitangazwa katika redio ya KBC. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini nyumba nyingi za huku hazina redio. Nyingine zina redio, lakini hazina betri.

Basi walimu wakaandika masomo kwenye karatasi. Nani atazipeleka? Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Mama, nipe hilo daftari lako." Kila Jumamosi alikwenda kijiji hadi kijiji. Hakutaka malipo, ila pesa za petroli. Pesa hizo zilipokwisha, wazee walichanga. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anauza samaki Malindi, alituma shilingi 500 kwa simu. Kwa shilingi hizo pikipiki ilitembea Jumamosi nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Juu ya kila karatasi mwalimu mkuu aliandika maneno machache kwa wazazi. Alisema kwamba hakuna msichana aliyefukuzwa. Alisema karo italipwa kidogo kidogo. Alisema pia kwamba msichana aliyepata mimba anaruhusiwa na serikali kurudi darasani.

Katika kijiji kimoja alikuwako msichana wa kidato cha tatu, mwenye miaka 16. Baba yake alikuwa amepoteza kazi ya hoteli, na alikuwa na deni dukani. Akaja mtu kuposa. Aliahidi mahari ya kutosha kulipa deni lote. Baba akasema, "Mtoto anakaa bure nyumbani. Shule yenyewe imekufa."

Mama wa msichana yule alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ngumbaru. Aliichukua karatasi, akaisoma mbele ya mumewe na wazee. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika penye maneno "hakuna msichana aliyefukuzwa", aliyasoma mara mbili. Mzee wa kijiji naye akawakumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inakataza kumwoza mtu asiyetimiza miaka 18.

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe shule haijafa." Mposaji akaenda zake. Deni walilipa baadaye, kwa kuuza mbuzi na makaa. Mama mwenyewe alinieleza hayo siku alipomleta binti yake.

Ili kufungua tena tulihitaji barakoa, maji na sabuni. Akina mama wa chama kimoja walishona barakoa. Fundi wa mabomba alitufungia mifereji ya kunawia mikono pale langoni, bila malipo. Wazazi waliokosa karo walileta mahindi na kunde, na wasichana wakala.

Tarehe 4 Januari 2021 nilisimama langoni na daftari langu. Kila msichana aliyeingia nilimtia alama. Jioni ilipofika, majina 5 hayakuwa na alama.

Wasichana wawili walikuwa wamejifungua. Tuliwaendea, tukazungumza na nyanya zao, na baada ya muda wote wawili walirudi. Wengine wawili walikuwa wamekwisha kuozwa. Tulichelewa.

Wa tano sijui alipo hata leo. Kando ya jina lake nilikuwa nimeandika neno moja tu: Bamba. Lakini Bamba ni pakubwa, na vijiji ni vingi. Sikuandika jina la kijiji, wala la mama yake, wala la jirani. Kijana wa bodaboda alimtafuta mara tatu, akarudi na karatasi zake. Karatasi hizo bado zimo ndani ya daftari. Kosa lile ni langu.

Siku hizi nikimpokea msichana, naandika kijiji chake, jina la mzazi, jina la jirani na nambari ya simu. Naandika polepole, hata kama gari linangoja.

Kwa hiyo asante, kijana wa pikipiki. Asanteni wazee, akina mama wa chama, fundi, na wewe muuza samaki. Asante, mama uliyesoma karatasi mbele ya wazee. Wasichana waliorudi wamerudi kwa sababu yenu.

Nawe msomaji, mwanao akienda shule, usingoje kuulizwa. Chukua kalamu, uandike mwenyewe mahali mnapokaa. Hakikisha kwamba mlezi ameliweka jina la kijiji chenu katika daftari lake.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kila mtu anayetajwa alitoa msaada gani?
2. Kwa nini msichana wa tano hakupatikana?
3. Je, shule ya kijiji chenu ina majina ya wazazi na vijiji vyao?