Niliolewa na Injinia, Sasa Nalala na Wakili

Jioni moja mwaka 2018, tukila ugali na dagaa, baba watoto aliniambia anaacha kazi. Hakuzunguka. "Mama watoto, mwezi ujao naandika barua." Nikadhani kagombana na bosi. Kumbe wala.

Nilijua anasoma sheria Chuo Kikuu Huria. Kwa miaka minne alikuwa akirudi kutoka kiwandani jioni, anaoga, anafungua madaftari. Nikachukulia kama wanaume wengine wanavyofuatilia mpira. Heri hii, angalau yuko nyumbani. Lakini digrii ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Lazima upite Law School of Tanzania, na kiwanda hakiwezi kukusubiri hadi umalize. Ilikuwa mshahara au joho.

Hapo nikasema neno ninalolijutia mpaka leo: "Kwa hiyo miaka yote ya uinjinia ilikuwa ya bure?" Hakujibu. Alinawa, akaenda kulala.

Msomaji, usinihukumu haraka. Tulikuwa na mtoto mmoja chekechea, mwingine tumboni, na deni la kiwanja. Mama mkwe, aliyezoea kujitambulisha kanisani kama mama yake injinia, alinipigia simu: "Mwanangu, umemfanya nini mume wako?" Mimi! Tukauza gari. Nikaanza kuhariri vitabu vya watu usiku. Mwaka ule tuligombana kuliko miaka yote ya ndoa yetu, tena kwa mambo ya kijinga, kama nani kasahau kununua luku.

Leo ni wakili, na kazi anayoipenda ni hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa kwa muda maalumu. Maombi yanakwenda BRELA, ingawa hataza ya huko haivuki bahari. Zanzibar wana ofisi yao. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna ARIPO kule Harare. Sitawadanganya kwamba hataza ndiyo inalipa ada za shule. Mikataba ya pango na alama za biashara ndizo zinazojaza sufuria.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja aliyeshusha mashine yake ya kupukuchua mahindi uani kwetu. Nilitegemea mume wangu atoe kalamu. Akavua shati. Akapiga magoti, akaizungusha kwa mkono, akauliza kwa nini meno yameinamishwa upande. Fundi wa watu aliongea saa nzima! Ndipo likaja swali la kisheria: "Umeshaionyesha kwa nani?" Kumbe uvumbuzi ukianikwa hadharani kabla ya maombi, upya wake unaweza kupotea. Zipo nchi zinazokupa miezi michache ya huruma, nyingine hazikupi hata siku moja. Fundi akasema kamwonyesha mkewe tu. Tukacheka.

Usiku akaniletea rasimu ya madai, zile sentensi zinazoonyesha mwisho wa uvumbuzi kama mawe ya mpaka wa kiwanja. Huwa anaandika kwanza kwa Kiswahili ili fundi mwenyewe aelewe na kusahihisha. Mimi ni mhariri, neno la ziada linaniwasha. Palipoandikwa "silinda yenye angalau safu moja ya meno", nikafuta "angalau".

"Rudisha hilo," akasema. "Ukilitoa, kesho jirani anaweka safu mbili, halafu anabisha kuwa ya kwake si hii."

Nikarudisha. Tukaendelea mpaka saa saba usiku, yeye akichora meno pembeni mwa karatasi, mimi nikiuliza hiki kinashika nini na kile kinazungusha nini. Kumbe mtu aliyechomea chuma kwa miaka ndiye anayejua neno lipi halitolewi.

Lile neno la 2018 sijamwomba radhi bado. Jarida hili huwa analisoma, ila anaanzia kurasa za nyuma.